Ligombo lenyewe au sampo: singo ya kundi la pop Iringa

Kundi linalotaka singo yenye ladha ya Uhehe lina njia mbili: kumwita studio mpiga ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe yenye kibuyu, au kutafuta sampo ya nyuzi, yaani sauti iliyorekodiwa tayari, na kuipiga kwenye kinanda.

Sampo haina usumbufu. Imeshawekwa kwenye A ya hezi 440, kipimo cha kawaida cha kinanda, inakaa kwenye tempo, na biti inaisha siku hiyohiyo. Ubaya wake, noti zote zinagongwa kwa nguvu moja. Zibadilishe moja moja kwa mkono, la sivyo unapata mlio wa simu.

Ligombo halifuati kinanda. Mzee anayelipiga hulitega, yaani huweka nyuzi zake sawa, kulingana na koo lake, maana anaimba huku anapiga, na noti zake zinaweza kuangukia katikati ya noti mbili za kinanda. Usimlazimishe. Rekodi ligombo kwanza, kisha pandisha au shusha kinanda kwa senti (senti 100 ni hatua ya noti moja hadi inayofuata kwenye kinanda). Hutahitaji kuvuka 50. Maiki moja ikae sentimita 30 hivi kutoka kwenye nyuzi, nyingine karibu na kibuyu, kilele cha sauti kwenye rekodi kisizidi desibeli -10. Mdundo ausikie kwa hedifoni; ukitoka kwenye spika utaingia kwenye maiki na hautoki tena. Baridi ya asubuhi mwezi Juni huhamisha nyuzi, hivyo kagua mtego kila baada ya teki (kila mnaporekodi mara moja). Mvua ikipiga bati, ahirisheni tu.

Kwa singo, chagua ligombo. Sampo inatosha kwa demo. Malipo ya mzee na mgawo wake viandikwe kabla hajaondoka, na jina lake liingie mnaposajili wimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki.