Mchoro naupenda kufa, aliyeniuzia simtaki hata kumsikia

Nilijiambia nisubiri hasira zipoe ndipo niandike. Wiki zimepita, hazijapoa, basi naandika nazo.

Nilinunua mchoro dhahania, yaani usioonyesha kitu kinachotambulika, wa rangi ya akriliki. Kazi halisi ya mkono, kipande kimoja tu, si nakala ya kuchapwa. Sikuununua kwa mchoraji mwenyewe bali kwa muuzaji anayesimamia kazi za wachoraji kadhaa, na laiti ningejua, ningemtafuta mchoraji tangu siku ya kwanza.

Nianze na uzuri wake, maana asiyeujua hatanielewa kwa nini vialama vya mviringo vimeninyima usingizi. Mchoraji huyu haipaki kanvasi yake rangi ya msingi. Wengi huipaka kwanza ile nyeupe ili kitambaa kisinywe rangi. Yeye anataka kinywe. Anachukua kanvasi ghafi, anailowesha, anaikunja mikunjo kama marinda ya sketi, anaifunga kwa kamba, kisha anaimiminia akriliki aliyoizimua kwa maji mpaka ikawa nyepesi kama wino. Anaiacha ikauke ikiwa imefungwa vilevile, na siku ya kufungua ndipo anapoona amepata nini. Hapo ndipo anaiwamba kwenye fremu, anaibana kwa pini nyuma, na kuanza kazi ya pili: palipobaki mistari myeupe ya mikunjo, anajenga rangi nzito kwa kisu, tabaka juu ya tabaka, mpaka inasimama kama tuta.

Ukiusogelea unaona mambo mawili yanayopingana. Buluu imezama ndani ya kitambaa, nyuzi zote unaziona, haing'ai hata kidogo. Kando yake, umbali wa unene wa kidole, tuta la rangi ya kutu limesimama linang'aa, na alama ya kisu bado ipo pale mkono ulipokata kona. Jicho halijui likae wapi. Nilipouona pichani nilirudi kuutazama usiku huohuo mara nne.

Kumimina rangi juu ya kanvasi ghafi si jambo la jana. Mwaka 1952 Helen Frankenthaler wa Marekani alitandaza kitambaa kisichopakwa kitu sakafuni akakimiminia rangi ya mafuta iliyozimuliwa. Mwaka uliofuata Morris Louis aliona kazi yake, akaenda kumimina za kwake, yeye kwa rangi za akriliki. Sam Gilliam naye, mwishoni mwa miaka ya 1960, akaiondoa fremu kabisa, akaining'iniza kanvasi kama pazia. Na akriliki ina faida yake hapo, kwa sababu mafuta yakiingia kwenye kitambaa ghafi huchuja kivuli pembeni mwa rangi, na miaka ikienda huzidhoofisha nyuzi. Kwa hiyo mchoraji wangu hakubahatisha. Alikuwa amesimama kwenye njia ndefu, na kuongeza kwake tuta juu ya kitambaa kilichonyonya rangi ndiko kulikoniteka.

Sasa sikieni.

Mzigo ulifika asubuhi moja. Niliugusa nikaona una joto. Nikakata kadibodi, na ndani yake mchoro ulikuwa umeviringishwa nailoni ya mapovu, ile ya kupasua kwa vidole, mapovu yakiangalia ndani, yamebanwa usoni kwa utepe wa gundi ya karatasi mpaka yamebonyea. Nilipoanza kuivuta nikasikia mlio wa kubanduka, povu moja baada ya jingine. Mikono ikanifa ganzi. Niliivuta polepole iwezekanavyo, lakini kilichotokea kilikuwa kimeshatokea. Buluu haikuguswa, ila matuta yote matatu yalikuwa na duru zimejipanga safu kwa safu, kama mtu kayagonga mhuri. Kwenye tuta refu peke yake nilihesabu 43.

Na hili si ajali isiyojulikana. Akriliki ni chembe za plastiki zinazoelea ndani ya maji. Maji yakitoka, zinashikana kuwa utando mmoja. Juu hukauka upesi sana, lakini tabaka nene ndani hubaki laini kwa wiki, wakati mwingine miezi. Hata ikishakauka kabisa, joto huilegeza tena, na baridi kali huifanya ngumu ya kupasuka. Ndiyo maana plastiki ya kufungia haitakiwi kugusa uso wake. Unaweka karatasi laini isiyonata, au unazungushia kingo za kadibodi ili uso usiguswe na kitu chochote. Mtu anayeishi kwa kuuza michoro ya akriliki halijui hili?

Nikampigia. Nilijizuia, nilizungumza kwa adabu, nikamwambia uso umepata alama za nailoni. Jibu lake nalikumbuka neno kwa neno.

"Dada yangu, hiyo si sanaa dhahania? Alama mbili tatu nani atazijua? Watakaoiona watadhani ndivyo ilivyochorwa."

Nikamwambia mimi nazijua. Akacheka. Akasema nichukue kitambaa, nitie spiriti kidogo, nipanguse, zitaisha. Halafu akakata simu.

Alama zenyewe ningezisamehe, naapa. Ni hilo neno lililonichoma. Kwenye picha ya mtu, doa likiangukia ukutani nyuma ya kichwa chake, uso bado upo, macho bado yapo, unaweza kuvumilia. Mchoro dhahania hauna pa kujificha. Hauna uso wala nyumba wala mti. Una rangi, na namna rangi ilivyokaa, basi. Ukiharibu namna ilivyokaa umeharibu kila kitu kilichokuwamo. Aliyesema hakuna atakayejua ndiye anayekula kwa jasho la watu hawa, na moyoni anaamini wanamwaga rangi ovyo. Ndicho alichoniambia, kwa lugha ya kubembeleza. Kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa huku nami nimelipa.

Na ile spiriti! Nilitoa pamba, nikaigusisha spiriti, nikasugua sehemu iliyokunjwa nyuma ya fremu ambako hapaonekani. Pamba ilitoka na rangi ya kutu nzima, na rangi ikaanza kunata kama gundi. Spiriti inayeyusha akriliki. Ningemsikiliza, ningekuwa nimelifuta tuta lote kwa mkono wangu mwenyewe, halafu kosa lingekuwa langu. Tafadhali, ukiambiwa na yeyote usafishe mchoro wa akriliki kwa spiriti, usithubutu. Brashi laini kavu ya kutoa vumbi inatosha, na zaidi ya hapo mwite fundi wa kutunza michoro.

Wakati nimeugeuza hivyo ndipo nilipoliona jambo lililonimaliza. Kwenye mbao ya fremu, chini ya kipande cha gundi ya karatasi alichobandika mfungaji, kulikuwa na maandishi ya penseli. Nikaibandua gundi taratibu. Mchoraji alikuwa ameandika: "Rangi nzito bado changa. Uso usiguswe na plastiki." Wakabandika gundi juu yake. Sijui hata kama waliyasoma, na sitaki kujua, kwa sababu majibu yote mawili ni mabaya.

Nilimtafuta mchoraji kupitia sahihi yake. Alinijibu siku hiyohiyo. Ni mama mmoja mpole sana katika maneno yake, na hakuanza kwa kujitetea. Aliniomba picha za matuta zikiwa zimemulikwa kwa tochi kutoka upande, si kwa mbele, kwa sababu mwanga wa ubavuni ndio unaofichua mabonde. Akaniambia niuweke umesimama, mbali na jua la moja kwa moja, uso usiegemee kitu, na nisibonyeze kwa kidole. Rangi ambayo bado changa, alisema, wakati mwingine hurudi yenyewe kidogo. Hakuniahidi kitu. Akaongeza kwamba alikuwa ameomba mchoro usitoke kabla haujakomaa, wakamwambia mteja ana haraka. Mimi? Haraka ya nani? Sikumwambia mtu yeyote nina haraka!

Basi nyota ngapi? Nilikaa kuandika nikiwa nimeamua moja. Kwa muuzaji ni hiyohiyo, na ningekuwa na uwezo wa kumpa chini yake ningempa. Lakini nikiandika moja hapa, anayesoma atadhani mchoro ni mbovu, na si mbovu. Jioni mwanga ukiingia chini chini, ile buluu inarudi nyuma kama maji yenye kina, na matuta yanakuja mbele, na kwa dakika kadhaa nasahau kabisa nani kaniudhi. Halafu mwanga unalifikia tuta refu, duru zinatokea moja moja, na simu ile naisikia upya. Kwa hiyo nne. Hapana, kwa mchoraji ni tano, sina haki ya kumkata hata nusu kwa kosa la mtu mwingine.

Baada ya malalamiko mengi, muuzaji amekubali niurudishe nirudishiwe pesa zangu. Ujumbe wake ulikuwa mfupi, hauna pole wala samahani. Juzi nikachukua karatasi laini, nikakata kingo za kadibodi, nikaanza kuufunga jinsi unavyopaswa kufungwa. Nilikuwa nimeshaufunika nusu nilipolimulika tuta refu kwa tochi kwa mara ya mwisho, nikahesabu. Zimebaki 31, na nyingine hazina tena kingo kali. Nikaiondoa karatasi, nikaurudisha ukutani.