Giza la Sekunde Kumi: Mwisho wa The Sopranos na Mabishano ya Watazamaji Wake

Feni ilikuwa bado inazunguka, na kwa sababu hiyo kaka yangu alijua kwamba umeme haukukatika. Alinyanyuka, akagusa waya wa nyuma ya runinga, akaitoa diski, akaipangusa kwa pindo la fulana yake na kuirudisha mashineni. Akaipeleka mbele hadi karibu na mwisho, na kioo kikawa cheusi tena pale pale, Tony Soprano akiwa ndiyo kwanza ameinua uso. Shemeji yangu, mke wa kaka, aliyekuwa ameifuatilia tamthilia hiyo kwa miezi mitatu bila kukosa usiku hata mmoja, alisema kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa: "Haiwezekani. Wametukatia." Majina ya waigizaji yalipoanza kupita bila muziki wowote ndipo tulipoelewa kwamba diski ilikuwa nzima, na kwamba hadithi ya sehemu 86 ilikuwa imekwisha.

Marekani nako, usiku wa tarehe 10 Juni 2007, watazamaji wapatao milioni 11.9 waliokuwa mbele ya kituo cha HBO walipitia jambo lile lile, na wengi wao walidhani kwamba matangazo yamekatika majumbani mwao. Tangu usiku huo watu hawajaacha kubishana. Nimeirudia tamthilia nzima hivi karibuni, kutoka mwanzo hadi mwisho, na ninaandika tathmini hii kwa sababu ninaamini kwamba mwisho ule unastahili kutetewa, tena kwa hoja zinazotoka ndani ya tamthilia yenyewe. Anayetaka kuiangalia bila kujua kinachotokea aiweke makala hii kando kwanza.

Kwa wasioijua, The Sopranos ilianza kuonyeshwa tarehe 10 Januari 1999, ikiwa kazi ya David Chase. Tony Soprano, aliyeigizwa na James Gandolfini, ni mkuu wa genge la mafia katika jimbo la New Jersey. Anazimia siku bata waliokuwa wakiishi katika bwawa lake la kuogelea wanaporuka na kwenda zao, na kuzimia huko kunampeleka kwa daktari wa magonjwa ya akili, Dakta Jennifer Melfi. Mtazamaji anaweza kudhani kwamba atashuhudia mtu mwovu akitubu taratibu. Lakini katika sehemu ya tano tu ya msimu wa kwanza, Tony anampeleka binti yake Meadow kutazama vyuo, na katikati ya safari hiyo anamnyonga msaliti mmoja kwa mikono yake mwenyewe, kisha anarudi kumchukua mtoto. Kuelekea mwisho anamziba pua Christopher, kijana aliyekuwa akimwita mpwa wake, baada ya ajali ya gari, na kumtazama akikata roho. Ni tamthilia nzito, yenye giza ndani yake muda mrefu kabla ya giza lile la mwisho, na simshauri mtu kuiangalia pamoja na watoto.

Sasa tuje kwenye tukio lenyewe, ambalo lina dakika 5 hivi na ambalo nimelitazama mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Tony anaingia peke yake Holsten's, duka la aiskrimu na chakula chepesi lililopo Bloomfield, New Jersey, ambalo ni duka la kweli. Anaketi, anapekua orodha ya nyimbo katika kimashine cha mezani, na kuchagua Don't Stop Believin' wa bendi ya Journey, wimbo wa mwaka 1981. Kuanzia hapo tukio linajengwa kwa utaratibu ambao mtazamaji huuzoea bila kujua kwamba ameuzoea: kengele ndogo ya mlango inalia, Tony anainua uso, kisha tunaonyeshwa kile anachokiona yeye. Anaingia mwanamke asiyemjua. Anaingia Carmela, mkewe. Anaingia mwanamume aliyevaa koti la chapa ya Members Only, na nyuma yake hatua moja tu, A.J., mtoto wa kiume wa Tony.

Mazungumzo ya mezani ni ya kawaida kabisa. Tony anamwambia mkewe kwamba Carlo, mmoja wa watu wake, atatoa ushahidi dhidi yake. A.J. analalamikia kazi yake mpya, kisha anakumbushia maneno ambayo baba yake aliwahi kuwaambia, kwamba wajitahidi kukumbuka nyakati zilizokuwa nzuri. Tony aliyasema maneno hayo katika sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza, usiku wa dhoruba, familia nzima ikiwa mezani katika mkahawa wa rafiki yake Artie. Sasa mtoto anamrudishia maneno yake, naye hakumbuki kuwa aliyasema. Jambo hilo dogo liliniumiza zaidi ya mauaji mengi yaliyotangulia. Baadaye linaletwa bakuli la vitunguu vilivyokatwa mviringo na kukaangwa, na kila mmoja wao anatia kipande kizima mdomoni, kimyakimya, kama watu walio kanisani wakipokea komunyo.

Wakati huo Meadow yuko nje anahangaika kuegesha gari. Anaingia kinyumenyume, anagonga ukingo, anatoka, anajaribu tena. Mwanamume wa koti anatupa jicho kwenye meza yao, anashuka kwenye kiti cha kaunta na kwenda msalani, upande wa kulia wa Tony. Meadow anafaulu hatimaye, anashuka na kuvuka barabara akikimbia. Kengele inalia, Tony anainua uso, wimbo unakatwa katikati ya mstari, na kioo kinakuwa cheusi kwa sekunde kama kumi.

Watazamaji wanaosema kwamba Tony aliuawa wanaanzia kwenye utaratibu ule wa kengele. Kila mara baada ya uso wa Tony tulionyeshwa anachokiona, na safari ya mwisho tulionyeshwa giza. Basi giza ndilo alilokuwa akiliona. Wanaongezea maneno ya Bobby, shemeji yake Tony, ambaye katika sehemu ya kwanza ya kipande cha mwisho cha tamthilia anaketi naye ndani ya mashua ziwani na kusema kwamba yumkini husikii chochote jambo hilo, yaani kifo, linapokufika. Maneno hayo yanarudishwa kama kumbukumbu mwishoni mwa sehemu ya pili kutoka mwisho, Tony akiwa amelala kitandani na bunduki kifuani, na ni vigumu kuamini kwamba yalirudishwa bila sababu wiki moja tu kabla ya kioo kuzimika. Wanataja pia msalani, kwa kuwa katika The Godfather, filamu ya mwaka 1972, bastola ambayo Michael Corleone, kijana wa familia ya mafia, aliitumia kuua mkahawani ilikuwa imefichwa huko huko. Na wanakumbusha kwamba sehemu ya kwanza ya msimu wa sita inaitwa Members Only, na ndani yake Tony alipigwa risasi na baba yake mkubwa, Junior.

Wanaopinga nao si watu wa kubeza. Wanauliza ni nani hasa angemuua, ilhali Phil Leotardo, adui yake mkubwa, ameshauawa kwenye kituo cha mafuta mbele ya wajukuu zake, na watu wa genge la Phil la New York wenyewe wameshakubali amani. Kwao, tukio lile linatuonyesha maisha ya Tony yatakavyokuwa siku zote: kila mlango unaofunguliwa ni tishio, kila mgeni ni muuaji hadi ithibitike vinginevyo, na wakili wake ameshamwambia kwamba huenda akafunguliwa mashtaka. Kwa maoni yao adhabu ya Tony ni kuendelea kuishi hivyo.

Na wapo waliokasirika tu, kama shemeji yangu usiku ule. Kwao mtunzi alivunja ahadi. Ninawaelewa, kwa sababu sisi tumelelewa na ngano ambazo zina paukwa na zina mwisho. Sungura akitoroka tunaambiwa, fisi akipigwa tunaambiwa na idadi ya fimbo. Tena tuna methali inayosema kwamba siku za mwizi ni arobaini, na mtu aliyeketi kuzihesabu siku hizo kwa misimu sita alitaka kuiona hiyo ya arobaini kwa macho yake. Kuzimiwa kioo siku hiyohiyo kunauma.

Hata hivyo naamini kwamba Tony aliuawa pale mezani, na naamini kwamba kuuonyesha mwili wake kungekuwa kosa. Kwa miaka minane tamthilia ilikuwa imetufundisha kutazama mauaji tukiwa tumeketi salama, tukihurumia kidogo na kusisimka kidogo, kisha tukisubiri wiki ijayo. Wengi wetu tulimpenda Tony tukijua anachofanya. Dakta Melfi alikuwa amemfukuza katika sehemu iliyotangulia, baada ya kusoma utafiti unaosema kwamba mazungumzo ya tiba huwasaidia watu wa namna yake kuwa wahalifu hodari zaidi, naye akamfungia mlango. Sisi hatukumfungia. Tungeonyeshwa damu juu ya kitambaa cha meza na Carmela akipiga kelele, tungepata tamasha moja zaidi na kuondoka tumeshiba. Chase alituweka ndani ya macho ya Tony, akatupa mauti yanavyomjia mtu asiyeyatarajia: ghafla bin vuu, huku kitunguu kikiwa bado mdomoni, bila neno la kuaga, bila kujua ni nani aliyeingia mlangoni.

Chase mwenyewe alikataa kwa miaka mingi kulieleza jambo hili; mwanzoni aliliambia gazeti la Star-Ledger, lile lile ambalo Tony huliokota mbele ya nyumba yake asubuhi akiwa na nguo ya kuogea, kwamba hana nia ya kufafanua wala kutetea kilichomo. Mwaka 2021 alizungumza waziwazi zaidi. Alisema kwamba wazo lake la awali lilikuwa Tony apite katika handaki la Lincoln kuelekea Manhattan kwenye mkutano, na asionekane tena, na kwamba baadaye aliona kimkahawa kidogo njiani akafikiri kwamba Tony anapaswa kufikwa katika mahali kama pale. Ukikumbuka kwamba kila sehemu inafunguliwa na Tony akitoka katika handaki hilo kwenda nyumbani, utaona uzuri wa wazo la kwanza. Mimi naona la pili ni bora. Handakini angekuwa peke yake, na angekuwa anakwenda kwa wahalifu wenzake. Mezani yuko na watu anaowapenda, na sisi hatuambiwi walichokiona wao.

Sehemu hiyo ya mwisho, inayoitwa Made in America, ina udhaifu pia. Habari za A.J., gari lake linaloungua na kazi ya filamu anayotafutiwa na wazazi, zinachukua muda mrefu kuliko uzito wake. Paka anayeikodolea macho picha ya Christopher ukutani anasisitizwa kupita kiasi. Lakini kuna tukio moja kabla ya lile la mkahawa ambalo halizungumzwi vya kutosha, nalo ni Tony kumtembelea Junior katika kituo cha kulelea wagonjwa. Mzee huyo aliyekuwa akiogopwa hamtambui tena. Tony anamkumbusha kwamba yeye na ndugu yake, baba wa Tony, waliwahi kuitawala New Jersey ya kaskazini, na mzee anajibu kwa upole, kama aliyesikia habari za watu baki, kwamba hilo ni jambo zuri. Macho ya Gandolfini katika tukio hilo yanaonyesha mtu aliyeambiwa kwamba yote aliyoyafanya hayatakumbukwa hata na waliofanya pamoja naye. Muigizaji huyo alifariki mwezi Juni mwaka 2013 akiwa Roma, na kila ninapolitazama tukio hilo sasa nalitazama kwa huzuni nyingine.

Nikiulizwa kama inafaa kutumia muda kwa sehemu zote 86, jibu langu ni ndiyo, kwa sharti kwamba mtu asianzie mwishoni na asiruke sehemu. Kipande cha dakika 5 kinachozunguka mtandaoni hakina nguvu kwa asiyejua ni nani alisema maneno gani ndani ya mashua. Mwaka 2024 Holsten's walipiga mnada meza ile na viti vyake, vikanunuliwa kwa dola 82,600, na nilipolisoma jambo hilo sikushangaa: kuna watu wamekaa hapo kwa mawazo kwa miaka 17 wakijaribu kuona upande ule aliokwenda mwanamume wa koti.

Shemeji ni mmoja wao. Tulipolifikia tukio hilo safari hii hakuangalia kengele, wala koti, wala msalani. Ana nadharia yake, ambayo nimewasikia watazamaji wengine pia wakiitaja, kwamba kama Meadow angefika mapema angeketi ubavuni mwa baba yake, kati yake na mlango ule wa msalani. Basi aliyakazia macho magurudumu ya lile gari, mikono ameibana magotini, na kila lilipogonga ukingo alinong'ona: "Ingia, mwanangu. Ingia."