Tahadhari: kasha la "msaji" nililouziwa Mji wa Kale ni mwembe

Jamani, siku nne sijaandika kitu humu, na sababu ni hii. Nilikuwa naona haya. Leo nimeona nikizidi kunyamaza, mwengine ataingia shimo lile lile.

Kasha nililomnunulia bibi harusi wetu si msaji (mtiki). Wala si mvule. Ni mwembe, huu huu tunaookota embe chini yake, umepakwa oili chafu ya gari ukang'arishwa. Nimetoa shilingi 68,000.

Kasha la nyanya lilishatoka nyumbani, na vile lilivyotoka siyafukui hapa. Ndio maana nilikuwa natafuta kasha jengine la harusi kwa pupa hivi.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya alasiri. Nimepita mule uchochoroni nikitafuta kivuli tu, na kasha liko barazani, limewekwa juu ya mkeka. Kijana akainuka. "Shikamoo mamangu." Hakunitajia bei, hakuniita kwa mikono kama wanavyowaita wageni wa meli. Aliniuliza, "Mamangu, kwenu nyanya alikuwa na kasha? Basi lifungue mwenyewe."

Nikalifungua. Harufu ya udi ikanipiga usoni. Kushoto ndani kuna kile kijisanduku kidogo chenye kifuniko chake, pale pale nyanya alipokuwa akiweka heleni na pesa zake za kijumbe. Mkono ukaenda wenyewe. Walahi sikuwa naangalia mbao tena, nilikuwa naangalia chumba cha nyanya.

Akaanza kunieleza taratibu. Ati limekuja na jahazi la kaskazi kutoka Bombay, lina miaka 150, ni msaji wa Burma. Na mimi hapo sikuwa mjinga wa kuamini chochote. Makasha ya pwani hii mengi yalitoka Bara Hindi, Surat na Bombay, na ya msaji yalikuwepo, hilo si uongo. Alichukua kweli ninayoijua akaishonea uongo wake ndani.

Nikamuuliza, nitajuaje ni msaji? Akaingia ndani akatoka na kikombe cha maji. Akachovya kidole, akadondosha matone matatu juu ya kifuniko. Yakasimama. Yamekaa duara kama shanga, hayaenei, hayanywewi. "Waona mamangu? Msaji una mafuta yake, hauli maji." Ni kweli msaji una mafuta yake, ndio maana watu wa vyombo vya baharini waliupenda tangu zamani. Nilichokuwa sijui ni kwamba ubao wowote ukisuguliwa nta na mafuta utafanya vile vile. Yale maji hayakugusa ubao hata kidogo.

Halafu akanishikisha pembe. "Libebe uone." Nikalibeba, likanishinda. Kwangu mimi ikawa imekwisha hapo, kwa sababu sote tumelelewa na maneno kwamba mbao nzito ndiyo mbao. Fundi ameniambia juzi kuwa mwembe mkavu na msaji mkavu hukaribiana sana kwa uzito. Ningeuinua mpaka leo nisingepata jibu.

Alitaka 70,000. Nilipomwambia ni la harusi akapunguza 2,000, ati ni mchango wake kwa bibi harusi. Nikamtumia 40,000 kwa M-Pesa nimesimama pale pale, akanisomea ujumbe kwa sauti tuhakikishe. Zile 28,000 nikampa mkononi lilipofika na mkokoteni. Na nilimuombea dua. Hili ndilo linalonichoma kuliko pesa. Nilimshika mkono nikamuombea dua yeye na watoto wake.

Siku ya tatu nikapanga leso, doti kumi na mbili, nimezikunja na asumini juu. Asubuhi nikaona ile ya chini, ile nyeupe yenye mji wa kijani, ina doa la hudhurungi kama chai iliyomwagika. Nikapitisha kitambaa ndani ya kasha. Kikatoka cheusi, na chini ya udi kukawa na harufu ya gereji.

Fundi wetu akaja. Hakusema kitu muda mrefu. Aliligeuza, akapiga magoti, akachukua patasi akakwangua chini ya kifuniko, mahali ambapo hakuna mtu anayeangalia. Rangi ikabanduka. Ndani mbao ni hafifu, njano ya kupauka, ina michirizi myeusi isiyo na mpango. Akaniambia "mwembe" kwa sauti ndogo, nadhani aliniona uso. Kisha akakata kipande ncha ya ubao kwa wembe, pale nyuzi zinapokatika, akalowesha kwa mate akanionyesha. Msaji una duara za miaka, na vitundu vikubwa hujipanga kufuata duara hizo, waziwazi. Hapa vitundu vimetapakaa kila mahali, hakuna mstari. Akakwangua tena akaninusisha. Msaji ukikwanguliwa hutoa harufu kama ya ngozi ya viatu, na vumbi lake huteleza vidoleni. Hili halinuki kitu. Na kwenye mguu mmoja kulikuwa na unga mweupe sakafuni. Mbao imeshabunguliwa, na bado harusi haijafika.

Afadhali lingekuwa mvule. Najua wengi huuziwa mvule kwa jina la msaji, lakini mvule ni mti wa maana, mchwa hauuwezi, watu wamefanyia milango. Huyu amechukua mwembe wa juzi!

Nikarudi kwake. Salamu ile ile, shikamoo ile ile. Nilipoanza kusema akageuka: "Mama, mimi nilisema kasha la kale. Msaji umesema wewe." Risiti yake nimeitoa pale, imeandikwa "kasha 1" basi. Watu wanasimama, wanatazama, mimi mtu mzima natetemeka barazani kwa mtu. Tangu hapo simu yake haiingii.

Huyu atafutwe. Kujipatia pesa za watu kwa uongo ni kosa la jinai, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, hadi miaka mitatu jela, na mimi naona miaka mitatu ni kidogo. Wazee wa mtaa wamtoe pale. Mji wa Kale una mafundi wa kweli na wauzaji waaminifu, na kijana kama huyu anawachafulia wote jina. Na wale madalali wanaompelekea wateja wanajua vizuri mbao zinapakwa wapi. Nao waguswe. Fundi asema huko huko hutumia pia pamanganeti, ile dawa ya zambarau ya vidonda, kuutia ubao mweupe rangi ya uzee.

Mtu aniulize ningeangalia nini. Skurubu za bawaba zilikuwa za nyota, zile zenye msalaba kichwani, na skurubu hizo zimeanza miaka ya 1930, haziwezi kushika kasha la miaka 150 ila limefumuliwa. Ile "shaba" ya kasha ilikamata sumaku ya friji yangu. Shaba haikamati sumaku. Rangi ilikuwa moja juu, chini na ndani, wakati kitu cha kale chini hakifanani na juu. Na mwambieni muuzaji akwangue kidogo mahali pasipoonekana, mbele yenu. Akikataa ondokeni. Na risiti iandikwe jina la mti! Hayo ndiyo ninayoyakumbuka, hasira bado zimenijaa.

Jumatatu naenda Mahakama ya Madai Madogo. Wanasikiliza madai mpaka shilingi milioni 1, na ujumbe wa M-Pesa ninao, na kile kipande cha fundi nimekifunga kwenye karatasi. Kama nawe umeuziwa kasha, kiti cha enzi au kitanda na kijana wa kikombe cha maji, niandikie kando na risiti yako, twende pamoja. Bibi harusi hajaambiwa. Tafadhali, mnaomjua, msimwambie mpaka nimwambie mimi.