Care Compare ya Medicare: nyota zinamhesabu muuguzi, ofisa ustawi wa jamii hazimuoni

Familia inayotafutia mzee makao ya uuguzi Marekani huanzia Care Compare, tovuti ya bure ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee. Unaingiza msimbo wa posta, inakuja orodha ya makao, kila moja na nyota zake, 1 hadi 5. Kwa kuchuja orodha ndefu ni chombo kizuri. Kwa kujua nani atamsikiliza mzee akishalazwa, tunakipa nyota 2.

Hesabu huanzia kwenye ukaguzi wa jimbo. Asilimia 10 bora ya makao ya jimbo hupata 5, asilimia 20 za mkiani hupata 1, kwa hiyo nyota 4 za Texas usizilinganishe na 4 za Minnesota. Kisha vipimo vya ubora wa matunzo vikipata 5 vinaongeza nyota moja, vikipata 1 vinapunguza. Na takwimu nyingi za vipimo hivyo makao hujijazia yenyewe. Watumishi nao huongeza au kupunguza vivyo hivyo. Ukiona alama ya kiganja chekundu, hapo pamekutwa kosa la unyanyasaji. Usiiruke.

Kwenye nyota za watumishi wamo wauguzi na wasaidizi wao, saa za wikendi, wanaoacha kazi, hata wakurugenzi wanaobadilika. Ofisa ustawi wa jamii hayumo, ilhali malalamiko, vikao na familia na mipango ya kurudi nyumbani vinapita mezani kwake. Saa zake huripotiwa serikalini kila robo mwaka na zipo data.cms.gov, tovuti ya takwimu ya serikali, ila ni faili kubwa la majedwali. Binti aliyeambiwa na hospitali achague makao kabla ya kesho hana muda nalo. Wangeziweka ukurasa wa mbele.

Basi tazama idadi ya vitanda, ambayo tovuti inaionyesha. Huduma za ustawi wa jamii ni lazima kila mahali, lakini sheria ya shirikisho inadai ofisa wa muda wote mwenye shahada pale tu vitanda vinapozidi 120. Ukikuta 120 kamili, au 90, uliza kama yupo, na kama kazi hiyo haijabandikwa kwa mtu wa mapokezi.

Sehemu tunayoisifu bila kusita ni ripoti kamili za ukaguzi, zilizo chini ya matokeo ya ukaguzi wa afya. Kila aina ya kosa ina namba yake inayoanza na F, lakini ukitafuta "F745" ndani ya faili hupati kitu, kwa sababu namba zimeandikwa na sifuri mbele. Tafuta 0745 (huduma za ustawi wa jamii), 0850 (sifa za ofisa) na 0585 (malalamiko). Pembeni mwa kila kosa pameandikwa kiwango cha madhara na wakazi wangapi wameguswa. Kosa dogo la malalamiko linalorudi ukaguzi baada ya ukaguzi linatutia shaka kuliko kubwa moja lililorekebishwa. Angalia na tarehe: kati ya ukaguzi na ukaguzi inaweza kupita miezi 15, na mwenye makao akawa ameshabadilika.

Tovuti ni ya Kiingereza na Kihispania tu, na kuhusu wakalimani haisemi lolote. Hilo si dogo. Kipimo cha kumbukumbu ambacho makao humpima nacho mzee kinamtaka arudie maneno matatu, soksi, bluu na kitanda, na kutaja mwaka, mwezi na siku. Jumla ni alama 15. Mama kutoka Bukavu akiulizwa kwa Kiingereza anaweza kuangukia chini ya 8 na kuandikwa kuwa akili imeshuka vibaya, kumbe kilichokosekana ni mkalimani. Piga simu uulize nani atamfasiria. Mkalimani wa simu, sawa. Wakikujibu kuna dada Mkenya zamu ya usiku, huo si mpango.

Kwenye simu hiyohiyo uliza mpango wa awali wa matunzo utakuwa tayari lini. Kanuni inasema ndani ya saa 48 tangu kulazwa. Ukiambiwa wiki ijayo, rudi kwenye orodha.