Kamusi ya Oxford Advanced Learner's kwa Anayetaka Kuzimudu Nahau za Kiingereza

Katika shule zetu nahau za Kiingereza hufundishwa kwa orodha. Upande wa kushoto wa daftari mwanafunzi huandika "put off", upande wa kulia huandika "ahirisha", na mistari ikishajaa kurasa kadhaa anaambiwa aikariri kwa ajili ya mtihani. Mtihani nao huja: katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, kwa mfano, si ajabu mtahiniwa kutakiwa aondoe neno lililopigiwa mstari na kuweka mahali pake kile ambacho walimu hukiita "phrasal verb", yaani kitenzi kilichoandamana na neno dogo kama "up", "off" au "out" na kupata maana mpya. Aliyekariri vizuri hupata alama zake. Lakini siku anapoandika barua ya kuomba kazi, nahau ile ile humgomea, kwa sababu orodha ilimpa maana na kumnyima mengine yote: yambwa, yaani kile kinachotendwa, ikae wapi, mkazo uwekwe wapi, na msemo wenyewe unafaa kusemwa mbele ya nani. Kitabu kinachompa hayo yote, ambacho kwa maoni yangu kila shule ya sekondari inapaswa kukiweka darasani badala ya kukifungia kabatini, ni Oxford Advanced Learner's Dictionary. Hapa sitaihakiki kamusi nzima; nitaitazama kwa upande wa nahau na vitenzi hivi vya maneno mawili au matatu, maana hapo ndipo manufaa yake kwa msemaji wa Kiswahili yanapoonekana wazi zaidi.

Tangu mwanzo kamusi hii haikutungwa kwa ajili ya Waingereza. A. S. Hornby, Mwingereza aliyekwenda kufundisha Japani mwaka 1924, aliiandaa pamoja na wenzake E. V. Gatenby na H. Wakefield wakiwalenga wanafunzi wa Kijapani, ikachapishwa Tokyo mwaka 1942 ikiwa na jina lililotaja nahau waziwazi, Idiomatic and Syntactic English Dictionary. Oxford University Press waliitoa upya mwaka 1948, na toleo la kumi lilitoka mwaka 2020. Asili hiyo ingali inaonekana katika kila ukurasa. Kamusi iliyoandikwa kwa ajili ya wenyeji huchukulia kwamba msomaji anajua tayari kuwa "put off it" haisemeki, kwa hiyo haijisumbui kumwambia. Hii humwambia.

Namna inavyomwambia inastahili kuelezwa kwa utaratibu, kwa sababu wengi wanaomiliki kamusi hii hawajawahi kuzisoma alama zake. Chukua kidahizo, yaani neno linalofafanuliwa pamoja na maelezo yake, cha "put" katika nakala iliyochapishwa. Kwanza huja maana za kitenzi chenyewe, kisha nahau chini ya alama ya IDM, na mwisho, chini ya alama ya PHR V, huja vitenzi vinavyoandamana na maneno madogo, vikiwa vimepangwa kwa alfabeti ya maneno hayo. Pale kwenye maana ya kuahirisha jambo utaona "put", kisha "sth", kisha mshale mdogo wenye ncha mbili, kisha "off". Herufi "sth" ni kifupisho cha "something", yaani kitu, kama vile "sb" ilivyo kifupisho cha "somebody", yaani mtu. Mshale ule ndio wenye kazi kubwa: unamwarifu msomaji kwamba kitu kinachoahirishwa kinaweza kukaa kabla ya "off" au baada yake, hivyo "put the meeting off" na "put off the meeting" ni sahihi zote mbili, ila kiwakilishi kikichukua nafasi ya mkutano lazima kikae katikati, "put it off", wala hakuna njia nyingine. Sasa fungua "look". "Look after", kwa maana ya kutunza, haina mshale, na yambwa yake imeandikwa mwishoni. Kwa hiyo mtu husema "look after the children" na kamwe hasemi "look the children after". Ndivyo ilivyo pia kwa "take after", kufanana na mzazi. Kanuni ambayo mwalimu angehitaji kipindi kizima kuieleza imebanwa ndani ya alama moja isiyozidi ukubwa wa herufi.

Tena kuna alama za mkazo, ambazo hupuuzwa zaidi hata ya mshale. Katika "put off" mkazo mkuu huangukia "off"; katika "look for", kutafuta, huangukia "look". Msemaji wa Kiswahili amezoea mkazo unaokaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hana sababu ya kuhisi kwamba neno dogo la mwisho linaweza kubeba uzito wote wa sentensi. Asipoonyeshwa hatalisikia, na asipolisikia atalidondosha.

Kulidondosha ndiko tunakofanya. Kiingereza cha Afrika Mashariki kina desturi ya kuliacha neno dogo pale linapohitajika na kuliongeza pale lisipohitajika. Nairobi ni jambo la kawaida kusikia "I will pick you at the stage", au kulalamikiwa kwamba fulani "is not picking my calls", ilhali katika Kiingereza sanifu cha Uingereza mtu wa kituoni huchukuliwa kwa "pick up", na "pick" peke yake huwa ni kuchagua au kuchuma. Kinyume chake, tunasema "cope up with" mahali ambapo kidahizo cha "cope" kinaonyesha "with" peke yake, bila "up" yoyote. Nadhani chanzo kimojawapo ni Kiswahili chenyewe: sisi hubadilisha maana ya kitenzi kwa kukinyambua, tukapata funga, fungua, fungia na fungisha, na sikio lililolelewa hivyo hutegemea maana yote iwe ndani ya kitenzi, lisihangaike na neno lililoachwa nje. Sitaki kueleweka kwamba Kiingereza chetu ni cha kuonewa aibu. Kinaeleweka vizuri miongoni mwetu na kina haki ya kuishi. Lakini anayemwandikia mtahini au mwajiri wa nchi nyingine anahitaji kujua tofauti iko wapi, na kamusi hii humwonyesha bila kumdharau.

Lebo za matumizi nazo zinastahili sifa. "Kick the bucket" imefasiriwa kuwa ni kufa, kama orodha yoyote ingesema, lakini mbele ya fasili kuna maneno "informal or humorous", yaani ni lugha isiyo rasmi au ya mzaha. Hilo lina maana kubwa mno. Anayeijua nahau hiyo kutoka kwenye daftari anaweza kuiweka katika salamu za rambirambi kwa familia ya bosi wake, na hapo atakuwa amefanya sawasawa na mgeni anayewaambia wafiwa kwamba marehemu "amekata kamba". Kinachofaa ni "pass away", na kamusi inaeleza kuwa watu huitumia ili kukwepa kulitaja neno lenyewe, kama tunavyosema ameaga au amefariki dunia. Lebo nyingine hutenganisha Uingereza na Marekani: Mwingereza husema "beat about the bush" na Mmarekani husema "beat around the bush", wote wakimaanisha kuzungukazunguka bila kulitaja jambo lenyewe.

Kuhusu maana nyingi za msemo mmoja, inatosha kutazama "give up". Orodha za darasani huandika "kata tamaa" na kuishia hapo. Kamusi inaonyesha kwamba mtu anaweza pia "give up" sigara, yaani kuiacha, na kwamba katika basi anaweza "give up" kiti chake kwa mzee, yaani kumpisha. Kila maana ina mfano wake wa sentensi na mpangilio wake wa maneno. Sisi tusingepaswa kulishangaa hili, maana kitenzi chetu cha kupiga hupiga simu, pasi, picha, deki na chafya, na mgeni anayejifunza Kiswahili hupata taabu ile ile.

Upungufu upo, nao si wa kufichwa. Mgumu kuliko yote ni kutafuta nahau iko wapi. Kanuni ya jumla ni kwamba nahau huwekwa chini ya neno lake la kwanza lenye uzito, yaani nomino, kitenzi, kivumishi au kielezi. Kwa hiyo "kick the bucket" iko kwenye "kick" na "spill the beans" iko kwenye "spill". Hata hivyo, vitenzi vinavyotumika mno kama "let" na "get" vina nahau nyingi kiasi kwamba hupelekwa kwenye neno linalofuata, ndiyo maana "let the cat out of the bag" itapatikana kwenye "cat". Kanuni hiyo imeelezwa, lakini mwanafunzi wa kidato cha pili hasomi kurasa za maelekezo, na akikosa mara mbili hufunga kitabu. Mwalimu anayeileta kamusi hii darasani atenge kipindi cha kufundisha kutafuta tu, kabla ya jambo lingine lolote.

Upungufu wa pili ni kwamba yote yameandikwa kwa Kiingereza. Wahariri hujitahidi kufasiri kwa kutumia orodha ya maneno ya msingi wanayoiita Oxford 3000, na kweli fasili zake ni nyepesi. Lakini Tanzania, ambako mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma husoma kwa Kiswahili na kukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia anapoingia kidato cha kwanza, wepesi huo bado ni mlima. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo ningeanza na Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1996, na kumletea hii ya Oxford kuanzia kidato cha tatu hivi. Kutoka hapo azitumie zote mbili pamoja, kwa sababu kazi ya kutafuta mwenzi wa Kiswahili wa kila nahau itabaki kuwa yake. Ni kazi yenye faida na raha yake: atagundua kwamba "spill the beans" ni ndugu wa kumwaga mtama, kwamba mtu "tight-fisted" kwetu ana mkono wa birika, kwamba jambo lililotokea "out of the blue" limetokea ghafla bin vuu, na kwamba anayeamua "bite the bullet" amepiga moyo konde. Pia atajifunza kujihadhari, maana kumvuta mtu mguu, "pull somebody's leg", ni kumtania tu.

Kuhusu ununuzi, tovuti ya Oxford Learner's Dictionaries inapatikana bure kwa mwenye simu na bando, na ina jambo ambalo karatasi haliwezi: kubonyeza na kusikia matamshi ya Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani. Humo kila "phrasal verb" ina ukurasa wake, kwa hiyo taabu ya kutafuta hupungua sana. Kwa shule isiyo na intaneti ya uhakika, nakala ya karatasi ndiyo ya kutegemewa, na si lazima iwe toleo jipya. Toleo la saba la mwaka 2005 au la nane la mwaka 2010, likipatikana kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika na kurasa zake zikiwa kamili, litatosha kabisa kwa kazi hii, kwa kuwa mshale, lebo na alama za mkazo zimo humo pia. Kabla ya kulipa, fungua "get", "put" na "take", kwa sababu ndizo kurasa zinazofunguliwa zaidi na ndizo za kwanza kuchanika.