GARO: shujaa wa dhahabu, mazimwi, na sekunde 99.9

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo nina sizoni ambayo nilikuwa sitaki kuiongelea mpaka niimalize mara ya pili, sasa nimeimaliza, tuongee. Inaitwa GARO, ya Japani, ya watu wenyewe sio katuni, ilianza kuruka TV Tokyo mwezi wa kumi 2005, ina episodi 25. Na kabla hujaenda kuitafuta nakuomba kitu kimoja, usiiwashe sebuleni watoto wakiwepo. Nasema hivi coz najua utakachofikiria ukiona posta yake, jamaa amevaa vazi la chuma la dhahabu kuanzia kichwani hadi unyayoni, kichwa cha mbwa mwitu, upanga mkononi, utasema ah hawa si ndo Power Rangers wale. Hapana ndugu yangu. Hii Wajapani wenyewe walikuwa wanaionyesha usiku wa manane, ina damu, ina wanawake watupu kwenye baadhi ya sini, ina watu wanaliwa. Wenzake kina Kamen Rider, mashujaa wa watoto wa hukohuko Japani, wanaruka Jumapili asubuhi watoto wakinywa chai, huyu anaruka watoto wamelala.

Lakini hiyo Power Rangers haipo mbali sana kama unavyodhani, nitakuja hapo.

Stori. Kuna mazimwi yanaitwa Horror, yanatoka upande wa pili, dunia inaitwa Makai. Hayaji hivihivi, yanahitaji mlango, na mlango ni kitu chochote kilichobeba giza la binadamu, picha ukutani, saa, kitu chochote ambacho kimekaa na uchungu au tamaa ya watu muda mrefu. Mlango ukifunguka zimwi linamwingia mtu ambaye moyo wake tayari una nafasi, mwenye wivu, mwenye uroho, mwenye kukata tamaa, linamla kutokea ndani alafu linabaki linatembea na sura yake. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, humu ndani we sahau, likujualo ndo la kwanza kukumaliza, coz limevaa uso wa bosi wako, daktari wako, mtu unayemsalimia kila siku.

Sasa wapo watu kazi yao ni kuyawinda, Makai Knight, mashujaa wa Makai, wanarithishana baba na mwana. Stelingi wetu ni Saezima Kouga, ameigizwa na Hiroki Konishi, koti jeupe refu, hacheki, haongei sana, anaishi kwenye jumba kubwa na mzee mmoja anayemhudumia anaitwa Gonza. Amri za kazi zinakuja kwenye bahasha nyekundu, anaichoma kwa moto wa kijani, maandishi yanaelea hewani, anasoma, anatoka. Huo huo moto wa kijani ana kiberiti chake, akikushuku anakiwasha mbele ya macho yako, kama we ni zimwi macho yako yatakusaliti palepale. Nimeipenda sana hii coz haina kelele, mtu mmoja anawasha kiberiti, mwingine anakitazama, na we unayeangalia unashika pumzi.

Na kidoleni ana pete inaongea. Inaitwa Zaruba, ina sura ya fuvu, inanusa mazimwi, inamshauri, inamsema akikosea. Sisi wa pwani tumekua tunasikia habari za pete za majini toka tuko wadogo kwa hiyo hapo hata sikuhitaji kuelezwa, nilielewa mara moja kwamba pete kama hiyo haikai kidoleni kwa mtu bure. Na kweli haikai bure. Kouga anailipa pete yake siku moja ya uhai wake kila mwezi. Siku hiyo analala kama maiti, hayupo, pete imeshachukua chake.

Hapo ndo nilipoelewa hii sizoni inahusu nini. Watu wengi wanaisifia mapigano, na mapigano ni mazuri, ila mi naona uti wa mgongo wake ni masharti. Yani yale yale ya mganga, nitakupa nguvu lakini usile hiki, usipite kule, usizidishe siku kadhaa. Humu kila nguvu ina sharti na kila sharti lina hesabu.

Angalia vazi lenyewe. Kouga anainua upanga juu, anachora duara hewani, duara linapasuka mwanga, vazi la dhahabu linashuka na kumfunika. Safi. Ila akiwa dunia yetu hii anaruhusiwa kulivaa sekunde 99.9 tu. Haifiki hata dakika mbili. Akizidisha, vazi linaanza kumla yeye mwenyewe, anageuka mnyama, hana akili tena. Kwa hiyo kila pambano unaloliangalia lina saa inatembea kichwani mwako hata kama haijaonyeshwa, na ndo maana anapigana muda mrefu sana akiwa mtu wa kawaida na koti lake, anasubiri mpaka dakika ya mwisho ndo avae. Mashujaa wengi tuliowazoea wakishabadilika we unapumua, unajua sasa mambo yameisha. Huyu akibadilika ndo unaanza kuwa na wasiwasi. Na siwaambii kinachotokea siku anayozidisha.

Upanga nao ni hivyo hivyo. Umetengenezwa kwa chuma kinaitwa Soul Metal, uzito wake unafuata moyo wa anayeushika, moyo umetulia mwepesi, moyo umeyumba hata kuuinua huwezi. Kwa hiyo wakitaka kukuonyesha jamaa ana majonzi hawamwekei machozi wala muziki wa huzuni, wanakuonyesha mkono unashindwa kunyanyua upanga ambao jana alikuwa anauzungusha kama fimbo. Mtu aliyefikiria hicho kitu nampa heshima yangu yote.

Na mtu huyo ni Keita Amemiya. Kama unafuatilia muvi za mazimwi za Kijapani jina sio geni, ni mchoraji kwanza, ndo akawa mwongozaji, alifanya Zeiram mwaka 1991, akaongoza Kamen Rider ZO 1993, kwa hiyo alipofika GARO alikuwa ameshajua kila kanuni ya hizi kazi za watoto na alijua zipi anataka azivunje. Uchoraji wake unauona kila kona. Mazimwi yake hayafanani, kila moja lina umbo linalotokana na dhambi ya aliyelikaribisha. Ulimwengu wa Makai una hadi maandishi yake wenyewe. Hata lile vazi usiliangalie haraka, simamisha video, angalia mabega, angalia kifua, kuna mchoro juu ya mchoro, unaona kabisa kuna mtu alikaa na kalamu usiku mzima.

Sasa ile ahadi ya Power Rangers. Aliyesimamia mapigano ya GARO ni Makoto Yokoyama, na huyu alishafanya kazi Marekani kwenye mapigano ya Power Rangers hizo hizo tulizokuwa tunaziiga tukitoka shule. So mikono iliyotufundisha kurusha mateke ndo hii hii, ila hapa imeachiwa ipige kwa ajili ya watu wazima. Utaona mateke ni yale unayoyajua ila hakuna cheche za rangirangi, hakuna kupiga pozi, mtu akirushwa ukutani anaumia na we unaskia. Na kingine kitakachowafurahisha watu wa katuni ya Dragon Ball, sauti ya ile pete Zaruba ni ya Hironobu Kageyama, yule aliyeimba wimbo wa mwanzo wa Dragon Ball Z, na kundi lake la JAM Project ndo limefanya nyimbo za hapa. Weka spika nzuri, nasema ukweli.

Tuje kwa Kaoru. Kaoru ni binti mchoraji, anahangaika na vibarua, anataka afanye maonyesho ya picha zake, ameigizwa na Mika Hijii. Episodi ya kwanza kabisa zimwi linatokea pale anapotaka kuonyesha picha zake, Kouga anakuja analichinja, damu ya zimwi inamrukia Kaoru. Na sharti linasema aliyerukiwa na damu ya zimwi inabidi auawe palepale, coz akiachwa atakaa siku 100 alafu atakufa kifo kibaya sana cha maumivu. Kouga hamuui. Anasema anamtumia kama chambo, maana mazimwi yanavutwa na damu ile. Hivyo ndo anavyowaambia wakubwa wake, hivyo ndo anavyojiambia mwenyewe, na yule binti wa watu hajui chochote, anadhani tu amekutana na kijana mwenye kiburi na koti jeupe. We unayeangalia unajua, yeye hajui, na siku zinapungua. Mi hii ndo iliyonikamata, kuliko dhahabu, kuliko mazimwi. Kila akicheka unahesabu.

Alafu kuna Rei. Suzumura Rei, Ray Fujita ndo kaigiza, naye ni shujaa wa Makai, vazi lake la fedha, panga mbili, anapenda vitu vitamu balaa, utamkuta kakaa na keki yake utadhani hana shida duniani. Anaingia kwa ubaya, anamtaka Kouga kwa kisasi, na kisasi chake kina sababu ambayo ukiisikia huwezi kumlaumu. Kuanzia hapo katikati sizoni inabadilika kabisa, ile hali ya zimwi moja kila wiki inapungua, adui wa kweli anaanza kuonekana, na adui mwenyewe alikuwa mmoja wao, mtu aliyelishinda sharti la vazi kwa njia mbaya kabisa, aliacha limle kisha akaendelea kuishi humo ndani. Vazi jeusi. Huyo ndo aliyemuua baba yake Kouga.

Mabaya yapo na nitayasema. Zile efekti za kompyuta zimezeeka, sana tu. Kuna sini farasi wa dhahabu anatokea, Goten, Kouga anampata baada ya kuua mazimwi 100, na upanga unakua mkubwa kuliko yeye, wazo ni zuri mno ila kwa macho ya leo unaona kabisa ni geimu ya zamani. Ilinisumbua siku mbili tatu alafu nikazoea. Ambacho sikukizoea ni utupu wa wanawake. Kuna episodi unahitajika kwa stori, ila zipo ambazo umewekwa tu kwa sababu ni usiku na wanaruhusiwa, na kazi yenye akili kiasi hiki haikuuhitaji. Na Kaoru episodi za mwanzo anaandikwa kama mtu wa kuokolewa tu, anaingia mdomoni mwa zimwi kila wiki, wakati ndani yake kuna mtu mwenye stori nzito kuliko hata Kouga. Inabidi uvumilie mpaka wampe nafasi. Pia wameweka sheria kwamba mwanamke hawezi kushika kile chuma cha Soul Metal, mashujaa ni wanaume tu, na hili liliniuma, ingawa kwenye kipande maalumu kilichotoka 2006 baada ya sizoni kuisha anakuja Jabi, mwanamke wa upande wa uganga wa Makai, na anapigana mpaka unasahau kwamba kuna sheria.

Kwa anayeanza, usiruke ruke, GARO zipo nyingi kweli. Anza hizi 25, nenda kile kipande cha 2006 kinaitwa Byakuya no Maju, alafu muvi ya 2010 Red Requiem, alafu sizoni ya pili Makai Senki iliyoanza 2011, hapo utakuwa umemaliza safari ya kwanza ya Kouga. Zinazofuata zina mashujaa wengine, na kuna za katuni pia zilizoanza 2014, hizo tutaziongelea siku yake. Iangalie kwa Kijapani na sabutaito, sauti ya Konishi akimhukumu zimwi kabla hajavaa vazi haitakiwi kupotea.

Ukichoka episodi ya tatu au ya nne nakuomba usiache. Fika ya kumi.

Nimalizie na kitabu kimoja cha humu ndani. Baba yake Kaoru alikuwa mchoraji, kabla hajafa alimwachia binti yake kitabu cha picha alichokichora mwenyewe, kina shujaa wa dhahabu ndani, na ukurasa wa mwisho aliuacha mtupu. Kitabu kipo toka episodi ya kwanza, jina la episodi yenyewe ni hilo hilo, Kitabu cha Picha. Anakua nacho, anahama nacho, haelewi kwa nini baba hakumalizia. Ukiwa unaangalia ukumbuke huo ukurasa, usiupoteze kwenye kelele za mapanga, mpaka ile ya 25. Mi nilipofika pale nilizima simu nikakaa gizani kidogo. Mkishafika na nyie hapo mniandikie, ila msiandike kilichochorwa.