Kihori chenye nondo: mtoto wa farasi anakula, mama yake yuko pale pale

Kama una farasi jike anayenyonyesha na kila unachomwekea mtoto kinaishia tumboni mwa mama, nunua kihori hiki. Nimekitumia tangu Tufani alipoanza kutafuna nafaka hadi alipoachishwa ziwa. Mama yake, Zuhura, ni jike mwenye mwili na mlafi. Akisikia ndoo imegonga sakafu anakuja mbio na kusukuma kila aliye mbele yake, mwanawe akiwamo. Kihori hajakivunja na chakula hajakifikia. Ila kuna mambo ya kurekebisha kabla hujakitundika, na kijitabu cha maelekezo kina ushauri ambao siukubali hata kidogo.

Chenyewe hakina mambo mengi. Ni chombo cha plastiki nzito chenye kona za mviringo, kinatundikwa ukutani au kwenye uzio kwa kulabu mbili. Juu yake zimepita nondo nne za chuma, na nafasi kati yake unaipanua au kuipunguza kwa kuhamisha bolti kutoka tundu moja hadi jingine. Mdomo wa mtoto unapenya, wa mama unagota kwenye chuma. Kinaoshwa kwa maji na brashi tu, na hilo lina uzito wake, maana watoto wa farasi wanachagua sana: chakula kilicholala au kilicholowa mate hawakigusi, na kikiota ukungu ni hatari kwao. Mimi nakimwaga na kukifuta kila asubuhi.

Ninachokipendea zaidi ni kwamba mama na mwana hawatenganishwi. Njia ya kumfunga mama kamba pembeni wakati mtoto anakula naijua vizuri. Mama anahangaika, anaita, anachimba chini kwa kwato. Mtoto anaacha chakula na kumfuata, na mwisho hakuna aliyekula kwa raha. Kihori hiki nimekitundika hatua moja tu kutoka kwenye hori la Zuhura. Tufani alikuwa akimtazama mama yake akiinamisha kichwa, naye anainamisha. Mtoto wa farasi hujifunza kula hivyo hivyo, ubavuni mwa mama, kwa kuonja anachoonja yeye. Ukikitundika kona ya mbali eti apate utulivu, utakuta chakula kimelala kama ulivyokiacha. Na kiwe chini, usawa wa kifua cha mtoto au chini zaidi, kwa sababu farasi ameumbwa kula akiwa ameinama.

Sasa kasoro. Bolti za nondo ni ndefu kupita kiasi, ncha zake zinachomoza ndani, pale pale shavu la mtoto linapopita. Nilizikata kwa msumeno wa chuma, nikazipiga tupa, kisha nikazifunika kwa nati zenye kofia. Pili, kulabu zinaacha mwanya kati ya kihori na ukuta. Mtoto wa farasi huruka, hupiga mateke, hujilaza popote, na kwato yake ni nyembamba; mwanya wa namna hiyo unaweza kunasa mguu. Niliuziba kwa ubao mnene. Mtengenezaji aliyefikiria kuzungusha kona angeweza kufikiria na haya. Baada ya miezi michache kutu kidogo ilionekana kwenye matundu, ambako rangi ilikuwa imechubuka, lakini nondo zenyewe bado ni imara.

Kuhusu nafasi ya nondo, usiiweke mara moja ukasahau. Mtoto wa farasi huzaliwa akiwa na takribani sehemu ya kumi ya uzito wa mama yake, na katika miezi ya mwanzo huongezeka kilo moja au zaidi kwa siku. Mdomo nao unapanuka. Zuhura ana pua pana, kwa hiyo tofauti ilibaki kubwa muda mrefu, ila Tufani alipokaribia kuachishwa nondo zilikuwa zimefika tundu la mwisho. Mwenye jike wa Kiarabu, ambao pua zao ni nyembamba, apime kwanza kabla ya kulipa.

Nije kwenye kijitabu, maana hapa ndipo naona mtu anaweza kuumiza mnyama kwa nia njema. Kinasema kihori kijazwe tangu wiki ya pili na mtoto aachwe ale apendavyo. Hapana. Siku za mwanzo mtoto hana haja na nafaka. Anahitaji kusimama ndani ya saa moja au karibu na hapo, kunyonya ndani ya saa mbili, na kupata dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ya kutosha, kwa kuwa kinga ya mama haimfikii akiwa bado tumboni mwake. Anaipata kwenye dang'a, na utumbo wake hufunga mlango huo baada ya kama saa 24. Wiki zinazofuata maziwa ya mama mwenye afya yanamtosha kabisa. Utamwona akidonoa majani, hata akila kinyesi cha mama yake. Usimfukuze, ndivyo anavyopata vijidudu vya kumsaidia kusaga majani. Maziwa huanza kupungua baada ya mwezi wa pili, na kufikia wa tatu hayatoshi tena kwa mifupa inayokua kwa kasi. Hapo ndipo kihori kinapopata kazi yake.

Na kiasi kipimwe. Kanuni ninayoifuata ni kama nusu kilo kwa siku kwa kila mwezi wa umri, ikigawanywa mara mbili au tatu. Mtoto anayejazwa wanga bila kikomo hukua haraka kuliko viungo vyake vinavyoweza kubeba. Ukiona uvimbe mgumu juu ya kifundo cha mguu, au miguu ya mbele imesimama wima mno, punguza nafaka siku hiyo hiyo na umwite daktari wa mifugo. Chakula kiwe cha watoto wa farasi, chenye protini ya asilimia 14 hadi 16, kalsiamu ikizidi fosforasi, na madini ya shaba na zinki ndani yake. Pumba tupu za ngano, ambazo wengi tunazikimbilia kwa kuwa zipo, zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, yaani kinyume cha kinachotakiwa. Shaba, kwa kweli, huanza mapema zaidi: maziwa yanayo kidogo sana, na mtoto huishi kwa akiba aliyoiweka kwenye ini akiwa bado tumboni. Kwa hiyo jike mwenye mimba apewe madini yake katika miezi ya mwisho, kihori hakitafidia hilo.

Faida kubwa niliiona wakati wa kumwachisha, baada ya mwezi wa tano. Tufani aliita mama yake, alizunguka zizi, kama watoto wote wanavyofanya. Lakini jioni ile ile alikwenda kwenye kihori chake akala. Chakula alikijua, chombo alikijua, tumbo lake lilikuwa limezoea. Hakukonda, na manyoya hayakupoteza mng'ao.

Ambao sioni sababu wakinunue ni wale wenye majike wengi malishoni pamoja na watoto wao. Huko kizimba cha uzio chenye mlango mwembamba wa watoto kinafaa zaidi, kwani kihori kimoja watoto watakigombania na mkubwa atawafukuza wengine. Wala mwenye jike mmoja mwenye maziwa tele, malisho mazuri na mtoto anayenenepa vizuri hana haja nacho. Kwa jike mzee, jike ambaye maziwa yake ni haba, au mtoto atakayeachishwa mapema, mimi ningekinunua tena. Nondo zikiondolewa kinabaki kihori cha kawaida, na Tufani bado anakula humo.